Chupa ya Pascoe Dirishani

Ujumbe uliingia Ijumaa asubuhi, nikiwa napaka siagi mkate wa Alwyn. Ulitoka kwa mtu aliyejiita Kizibo, nisiyemjua, na ulikuwa mfupi: "Picha nzuri, mama. Hata sikio la mbwa limetokea."

Nilidhani amekosea mtu. Sisi hatuna mbwa tangu Tuffy afe. Nikampa mume wangu mkate wake, nikafuta mikono, nikaifungua picha niliyoiweka Jumatano. Chupa ya buluu imesimama dirishani, imejaa jua. Nikaikuza. Nyuma ya shingo ya chupa, juu ya ua, kidogo tu, palikuwa na kitu chekundu chenye ncha.

Kijiji chetu, Wirrabeen, kina watu mia mbili na kumi, hoteli moja, na ghala moja refu la ngano ambalo juu yake mchoraji fulani alichora mbwa mwekundu wa kuchungia kondoo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Watu huendesha gari kwa muda wa saa nne kuja kulipiga picha. Nyumba zinazoliona sikio lile kwa upande ule ni mbili. Moja iliungua miaka sita iliyopita, ya pili ndiyo hii yangu.

Nikafunga pazia, mchana kweupe, na Alwyn akauliza kama kuna msiba.

Niseme haraka Rafu ni nini, maana ndiyo iliyoniponza, au tuseme niliponzwa na mdomo wangu ndani ya Rafu. Ni tovuti yetu sisi wakusanyaji wa chupa za kale. Chupa ikiuzwa popote, mnadani au kwenye meza ya gulio, mtu anaiweka pale: picha, bei, tarehe, na kasoro zake zote bila haya. Mtu akifukua chupa chini ya nyumba ya bibi yake, anafungua Rafu kabla hajamwonyesha mchuuzi, asije akapunjwa. Mimi nilijiunga baada ya jirani yangu mjane kuuza chupa ya dola mia tisa kwa dola tano na pakiti ya biskuti. Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda. Tangu siku ile nimeweka mauzo elfu moja na mia nne, na sijawahi kuongeza wala kupunguza hata senti.

Chupa zetu tunazipiga picha dirishani. Bila mwanga nyuma yake rangi haionekani sawasawa, wala mapovu yaliyoganda ndani ya kioo, na mapovu ndiyo alama za vidole za chupa. Hakuna mbili zenye mapovu yanayofanana. Kila mkusanyaji anafanya hivyo, wala hafikirii. Miaka mitano nilitazama kioo, sikuwahi kutazama kilicho nyuma yake.

Sasa kiburi changu. Wiki ile chupa ya soda ya kiwanda cha Pascoe, ya buluu iliyokoza, iliuzwa mnadani Melbourne kwa dola elfu arobaini na mbili. Aliyeiweka Rafu aliandika kwa kujiamini: "Ziko tatu tu duniani." Nikasoma, nikainua macho, na ya nne ilikuwa juu ya friji yangu, karibu na bakuli la mayai. Mwenye busara angenyamaza. Mimi nikaishusha, nikaipeleka dirishani, nikapiga picha, nikaandika chini yake: "Nne, bwana. Hii ina povu mfano wa punje ya mchele chini ya bega. Alwyn Trevaskis aliichimba mwaka sabini na tisa." Nilitia na jina! Nikaenda kulala nimefurahi kama mtoto wa sikukuu.

Ile Ijumaa, baada ya kufunga mapazia, nilimpigia simu Ruddock, mzee wa Hobart anayeiendesha Rafu.

"Ruddock, toa picha yangu."

"Verna, hujambo? Hata salamu?"

"Salamu baadaye. Toa picha ya Pascoe. Nyumba yangu inaonekana."

Nilisikia kijiko kikigonga kikombe. "Imepita saa ishirini na nne," akasema. "Imeshafungwa. Unajua hilo kuliko mtu yeyote."

Nilijua. Sheria ile ilikuwa yangu mimi. Zamani wachuuzi walikuwa wakifuta bei ndogo ili zibaki kubwa tu, na mimi nikapiga kelele mwezi mzima mpaka Ruddock akasalimu amri: kinachowekwa Rafu, siku ikipita, hakifutwi, hakibadilishwi, na picha yake haiondoki. Unaweza kuongeza neno chini yake tu.

"Nikikufutia wewe," akasema, "kesho wataniambia nini wale uliowabana?"

"Alwyn anafungua mlango, Ruddock. Kwa kila mtu."

"Basi mfungie, dada. Pole sana."

Mfungie! Kusema ni rahisi kwa mtu anayekaa na paka. Alwyn alikuwa mchimbaji na muuzaji wa chupa kwa miaka arobaini, na maisha yake yote mgeni mlangoni alikuwa ni riziki. Mwaka juzi alisahau jina la dada yake. Mwaka jana alisahau njia ya chooni. Lakini sikio lake bado linasikia gari likipunguza mwendo barabarani, na hapo anainuka, anavaa kofia, anafungua mlango, anasema, "Karibu ndani, chai ipo." Nikimfungia kwa ufunguo anautikisa mlango na kulia kwamba nimemweka gerezani. Nilifanya hivyo mara moja, sirudii.

Na kuiuza ile chupa nisingeweza. Mpe Alwyn chupa ya Pascoe mkononi, anarudi. Anakusimulia jinsi alivyozama mpaka kiunoni ndani ya shimo la choo cha hoteli, choo cha watu waliokufa miaka mia iliyopita, mvua inanyesha, rafiki zake wamekimbilia bia, na yeye akagusa kitu laini kwa kidole gumba. Anacheka pale pale alipokuwa akicheka zamani. Anakumbuka jina la mbwa wa mwenye hoteli. Robo saa nzima nina mume. Kila asubuhi namshushia chupa, anasimulia, naye akimaliza naipandisha juu ya friji, na siku inaendelea na mambo yake. Ndicho nilichokuwa nacho, na nilikiweka mbele ya dunia nzima ili nimshinde mtu kwa hoja.

Ijumaa hiyo pikapu nyeupe ilipita mara mbili. Pikapu nyeupe hapa ni kama inzi, kila mtu anayo, lakini ile ya pili ilipita taratibu. Alwyn akavaa kofia. Nikamvua. Jumamosi ilipita tena, au nyingine. Niliweka fagio kando ya mlango, nikajicheka, sikuliondoa. Chupa niliihamisha kutoka juu ya friji nikaitia kwenye sufuria kubwa, nikafunika, nikaiweka kabati la chini. Nilifungua Rafu kila saa. Picha ile ilikuwa imefunguliwa mara mia nane. Jumapili, mara elfu moja na mia moja. Kila namba ilikuwa mtu na macho yake. Nilianza kuogopa hata sauti ya friji.

Asubuhi zote hizo sikumpa Alwyn chupa yake. Niliogopa gari lisije likapita akiwa nayo mkononi. Alizunguka jikoni akipapasa juu ya friji. "Kuna kitu changu hapa," alisema. "Kuna kitu kilikuwa hapa, bibie." Nikamwambia keti mume wangu, unywe chai.

Jumatatu vidonge vyake viliisha. Duka la dawa liko mwisho wa barabara yetu, na vidonge vile akivikosa hata siku moja anaona watu ukutani. Nilingoja alale baada ya chakula cha mchana. Akaanza kukoroma kwenye kiti chake. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda nusu mbio, mimi na magoti yangu haya. Kulikuwa na foleni ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na hadithi ya upele. Nilitumia dakika thelathini na nane, nilizihesabu.

Niliporudi, pikapu nyeupe ilikuwa imeegeshwa uani kwangu.

Sijui niliingiaje. Najua mlango ulikuwa wazi kabisa, na jikoni palikuwa na vicheko. Alwyn amekaa mezani, kofia kichwani, uso umemeremeta. Mbele yake kijana wa miaka kama arobaini, shati safi, kikombe changu mkononi. Sufuria iko sakafuni, kifuniko upande huu. Chupa iko katikati ya meza, juu ya karatasi.

"Karibu, mama," mgeni akanikaribisha, jikoni kwangu. "Tunamalizia."

"Verna!" Alwyn akasema. "Mtilie ndugu yetu chai, ya kwangu imepoa. Huyu si mchuuzi wa hivihivi. Ameisikiliza hadithi mpaka mwisho."

Nilitaka kuketi. Sikuketi. "Wewe ni nani?"

"Kizibo," akasema, akatabasamu. "Nilikuandikia. Mzee ameniuzia, kwa hiari yake. Risiti hii, sahihi yake hii. Dola sitini, taslimu."

"Sitini!" Alwyn akanionyesha noti, ameziweka wima kati ya vidole. "Bei nzuri, eti? Nilidhani arobaini, yeye mwenyewe akapandisha."

Ilikuwa bei ya mwaka sabini na tisa. Alwyn alikuwa mwaka sabini na tisa, na huyu kijana alimkuta huko, akafanya naye biashara huko huko.

"Mume wangu mgonjwa," nikasema. "Hajui hata mwaka."

"Mimi si daktari, mama. Nimemkuta ana akili zake, ananipa hadithi tamu. Kaitafuta chupa mwenyewe, kabati zote. Tumepeana mkono."

"Tumepeana mkono," Alwyn akakubali, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya dukani. Kwa wachimbaji wa rika lake mkono ukishikwa kitu kimekwenda. Nilimwona kwa macho yangu akikataa dola mia mbili za ziada kwa chupa aliyokwisha kuishikia mkono, na mnunuzi mwenyewe hakurudi kuichukua kwa miezi mitatu. Alwyn aliifunga kwenye gazeti, akaandika jina la mteja, akaiweka kando ya mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Kizibo akainuka, akanyoosha mkono kwenye chupa. Nikatoa simu, nikampiga picha: yeye, mkono wake, chupa, risiti, na Alwyn na noti zake.

"Ya nini hiyo?" akauliza.

"Ya Rafu. Mauzo ni mauzo, yanawekwa. Chupa ya Pascoe, povu la punje ya mchele chini ya bega. Bei dola sitini. Muuzaji, mgonjwa asiyejua mwaka, mkewe akiwa duka la dawa. Mnunuzi huyu hapa, uso wake huu, na namba ya gari naiandika sasa hivi." Nilikuwa naandika huku nasema, nikikosea kila neno. "Hakuna nyumba ya mnada inayopokea chupa kabla ya kuitazama Rafu. Utaitazama dirishani kwako mpaka ufe."

"Futa."

"Siku ikipita haifutiki. Unajua."

"Siku haijapita." Akaizunguka meza. Alinikaribia mpaka nikasikia harufu ya chai yangu kinywani mwake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anapima tu. Mimi nina miaka sitini na tisa, na fagio lilikuwa nyuma yake. "Nipe simu, mama. Tusisumbuane."

Nikatazama simu. Mtandao wa Wirrabeen ni wa kuomba Mungu. Kile kiduara kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, hakijafika hata nusu.

"Imeshafika," nikasema. "Ruddock ameshaiona. Chukua simu, chukua na mimi."

Sikuwahi kusema uongo kuhusu Rafu, na huo ndio wa kwanza. Nilikiziba kioo cha simu kwa kiganja, nikamtazama machoni. Alwyn alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Bibie," akasema kwa upole, "mbona humtilii mgeni chai?"

Sijui ni hilo, au ni nini. Kizibo akapumua kwa pua. Akarudi mezani, akachukua dola sitini kutoka vidoleni mwa Alwyn, moja moja, akaikunja risiti akaitia mfukoni. Chupa akaiacha. Mlangoni akageuka.

"Watu elfu wameiona picha ile, mama. Mimi ndiye wa kwanza kufika tu."

Niliposikia pikapu imeondoka ndipo nikaketi sakafuni, karibu na sufuria, nikalia kwa sauti. Simu ililia mkononi: picha imeingia. Niliiacha ibaki. Nilifikiri, ujinga wangu, kwamba yamekwisha.

Askari wa wilaya alikuja saa kumi, akala skonzi mbili, akaniambia hakuna kosa hapo: mzee kauza, mtu kanunua, mtu karudisha. Nikampigia mwenye mnada Melbourne. Alikaribia kuimba. Atakuja mwenyewe Alhamisi kuichukua, na siku hiyo hiyo nitaongeza chini ya picha yangu kwamba chupa haipo tena katika nyumba hii, na itakuwa kweli. Iliniuma, lakini niliona bora Alwyn apate asubuhi mbili tatu za mwisho nayo kuliko kukaa na fagio.

Jumanne asubuhi nikamshushia chupa. Nikaiweka mikononi mwake, nikakaa karibu, safari hii tayari kusikiliza mpaka mwisho.

Akairudisha mezani upesi, kama kitu cha moto.

"Hii imeuzwa," akasema.

"Haijauzwa, Alwyn. Ni yako. Niambie kuhusu lile shimo."

"Verna, usichezee mali ya mteja." Alinikazia macho ambayo sikuwa nimeyaona miaka mitatu, macho ya mtu anayejua anachokisema. "Tumepeana mkono. Kaisahau tu. Atarudi."

Nikamwomba. Nikaanza hadithi mimi mwenyewe, mvua, rafiki zake, bia, kidole gumba. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani. Kisha akatafuta gazeti, akaifunga chupa vizuri, pande zote, kazi ya mikono isiyosahau. Akashika kalamu, akafikiri sana jina. Hakulipata. Akaandika MTEJA, akaiweka kando ya mlango.

Tangu hapo hakai tena kwenye kiti chake. Amekivuta kiti cha jikoni mpaka mlangoni, amekaa na kofia, kifurushi miguuni. Mlango ameufungua mpaka mwisho, na kitasa amekifunga kwa kamba kwenye msumari ili upepo usiupige. Zamani alikuwa anafungua mtu akija. Sasa anamngoja. Nikifungua kamba analia, nikifunga mlango anapiga kelele kwamba namwibia mteja wake, na mimi ninayemwibia nimesimama pale nikiwa na ufunguo mkononi. Chupa itaondoka Alhamisi. Sijui nitamwambia nini Ijumaa, wala nani atakayemwondoa pale mlangoni.

Leo ni Jumatano. Picha yangu imefunguliwa mara elfu mbili na mia tatu. Chini yake, saa tatu asubuhi, mtu nisiyemjua ameandika, "Bado ipo?"

Ninaandika haya mezani, mgongo wangu ukutani, ili nimwone Alwyn. Barabarani kuna gari linapunguza mwendo. Ameshalisikia. Anainuka, anashika kifurushi kwa mikono miwili, ananigeukia akicheka, na furaha ile usoni mwake sijaiona tangu aanze kuumwa.

"Nilikuambia, bibie," anasema. "Weka chai."